Maili Sita Zisizoandikwa

Gamaliel ni mtu wa Nshamba, na kwa miaka minane sasa watu wengi wa huko hawamwiti Gamaliel. Wanamwita Kupe. Watoto waliozaliwa baada ya jambo lenyewe kutokea wanadhani ndilo jina lake la ukoo. Mimi najua jina hilo lilikotoka, kwa sababu lilitoka katika daftari langu, na ndiyo maana naandika habari zake mimi, si mtu mwingine.

Alizaliwa wa tatu kati ya wanaume wanne. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hurithi kibanja chenyewe, yaani shamba la nyumbani, na nyumba ya baba, na migomba minene inayoizunguka nyumba. Wa mwisho huonewa huruma akapewa chochote. Wa katikati hujitafutia. Gamaliel alipata kipande cha pembeni kabisa, mahali migomba inapokwisha na nyika ya mawe tunayoiita rweya inapoanza. Alipanda migomba ishirini, ikashika kumi na moja. Alisoma mpaka darasa la nne, akabarikiwa katika kanisa la Kilutheri, akamwoa Kokubanza, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na makali.

Alichokuwa nacho ni miguu. Mfanyabiashara mmoja wa Nshamba, Mushumbusi, alikuwa na baiskeli ya zamani aina ya Raleigh ambayo hakuipanda mwenyewe kwa sababu ya unene. Alimpa Gamaliel kwa masharti haya: safari mbili za kupeleka ndizi Muleba ni za Mushumbusi, safari ya tatu ni ya Gamaliel. Mikungu minne kwa safari, miwili huku na miwili huku, wakati mwingine wa tano juu ya kiti. Kushuka ni kushika breki za mpira mpaka zinuke. Kupanda ni kusukuma, na kurudi nako hakuwa mtupu, maana Mushumbusi alikuwa na duka na duka linataka chumvi na mafuta ya taa. Gamaliel alifanya kazi hiyo miaka sita. Mushumbusi alimsifu kila mahali. "Huyu kijana," alikuwa akisema, "ukimfunga jembe atalima."

Mwaka 1972, siku za kuelekea Saba Saba, iliundwa kamati ya mashindano. Mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Nathanieli, mkuu wa shule moja ya msingi, mtu mwembamba, msafi, asiyekula rushwa wala kuvumilia utani katika mambo ya taifa. Kamati ikatangaza mbio za baiskeli kutoka Bukoba mjini hadi uwanja wa Muleba, maili arobaini na mbili. Zawadi ilikuwa moja tu, ya mshindi: baiskeli mpya aina ya Phoenix kutoka China, nyeusi, yenye dinamo na taa.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika Muleba, na kazi ya kuandikisha majina nilipewa mimi. Gamaliel alifika ofisini akiwa na vumbi la safari. Alisimama akaniangalia nikiandika.

"Karani, andika vizuri hilo jina. Lisiwe na makosa."

"Halina makosa. Baiskeli utapata wapi?"

"Mushumbusi amenikubalia siku moja." Akainama kidogo juu ya meza, kana kwamba kuna mtu wa tatu asiyetakiwa kusikia. "Waitu, ndugu yangu, nikiipata ile Phoenix, safari zote tatu ni zangu."

Hakusema zaidi ya hayo. Hakuwa anatafuta sifa, wala kombe, wala kupigiwa vigelegele. Alitaka safari ya kwanza na ya pili.

Sikuwa nimewahi kuona mbio za baiskeli. Hata Mwalimu Nathanieli hakuwa ameziona. Tulijua mbio za miguu za shuleni: mwenye nguvu anatangulia, mchovu anabaki nyuma. Kamati ikaamua niketi nyuma ya Land Rover, niwafuate wapandaji, na katika kila maili niandike anayeongoza. Nilitayarisha daftari kwa uangalifu. Nilipiga mistari arobaini na miwili kwa rula. Safu ya kwanza namba ya maili, ya pili saa, ya tatu jina la anayeongoza, ya nne anayefuata mwisho, ya tano maelezo. Penseli nilichonga nne.

Waliondoka Bilele, pale Bukoba mjini, saa mbili na dakika kumi asubuhi, watu ishirini na wawili. Wengi walikuwa na baiskeli za kubebea ndizi zilizong'olewa keria na kengele. Lakini walikuwapo watano wa mjini, vijana wa Hamugembe na Bilele, waliofundishwa na Hamidi, fundi baiskeli. Baiskeli zao zilikuwa nyepesi, minyororo imepakwa mafuta, na kiongozi wao alikuwa Karugendo, kijana mwenye mabega mapana aliyependa kutazamwa. Mwenzake wa karibu aliitwa Datius. Hao watatu wengine nawaacha, majina yao yamo daftarini.

Kufika Kyetema walibaki kumi na mmoja. Kufika Kemondo walibaki sita: watano wa mjini, na Gamaliel. Hapo ilikuwa maili ya kumi na mbili.

Kuanzia hapo niliona jambo nisilolielewa. Mmoja wa vijana wa mjini aliongoza maili moja, kisha akajitoa pembeni, akaacha wenzake wampite, akajiunga tena nyuma yao. Niliandika katika maelezo: *Amechoka.* Maili iliyofuata aliongoza mwingine, naye akafanya vilevile. Nikaandika: *Amechoka.* Nilishangaa kwamba waliochoka wanarudi tena mbele baada ya muda mfupi, lakini sikuandika mshangao. Safu ya mshangao haikuwapo.

Gamaliel yeye hakwenda mbele. Alikaa nyuma ya gurudumu la mwisho, karibu kiasi kwamba nilidhani watagongana. Barabara ilikuwa ya moramu, mwezi wa saba, kavu. Vumbi la watu watano lilimwingia yeye mdomoni. Alifunga kitambaa puani na kutafuna kahawa kavu, ile tunayowapa wageni.

Karugendo aligeuka. "We Nshamba! Utakaa huko nyuma mpaka lini? Sisi ni mama yako wa kukubeba mgongoni?"

"Ninyi mna miguu kumi, mimi miwili," Gamaliel akajibu. "Nikija mbele nitavuta watu watano. Umeniona trekta?"

"Njoo uongoze hata maili moja, mwanamume!"

"Mtangulie tu, bojo, tafadhali. Ninyi ndio wenyeji wa barabara."

Datius alicheka, Karugendo hakucheka. Walijipanga mshazari, kuanzia ukingo mmoja wa barabara mpaka mwingine, hata Gamaliel akakosa pa kujificha, akawa amebanwa kwenye majani ya ukingoni. Niliandika: *Wanacheza barabarani.* Ndani ya gari Mwalimu Nathanieli alitoa kichwa dirishani.

"Karani, yule wa nyuma ameongoza mara ngapi?"

"Hajaongoza, Mwalimu."

"Andika."

Niliandika: *G. nyuma.* Maili iliyofuata: *G. nyuma.* Upepo wa kusini ulikuwa unapiga usoni moja kwa moja, hata nililazimika kufunga kurasa kwa mpira ili zisipeperuke. Mkono mmoja ulishika daftari, mwingine ukaandika, na kofia yangu ilichukuliwa na upepo karibu na Izigo. Hata hivyo neno upepo halimo popote katika daftari lile. Nimelisoma mara nyingi kulitafuta.

Baada ya Muhutwe, kwenye maili ya ishirini na nne, Datius alichomoka ghafla akatangulia peke yake. Niliandika: *Datius anaongoza, hatua kama mia mbili mbele ya wengine. G. nyuma.* Mara gari likaanza kutoa moshi mweupe. Radieta ilikuwa imechemka. Dereva alisimamisha, akatafuta kopo, akashuka bondeni kuteka maji. Tulisubiri. Mwalimu alikwenda kuwasalimu watu waliokuwa kando ya barabara akawaeleza maana ya sikukuu. Mimi nilikaa na daftari langu, mistari ikipita bila kujazwa. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ulipofika wakati wa kuondoka, sita zilikuwa zimekwenda.

Tuliwakuta maili ya thelathini na moja. Wote sita walikuwa pamoja. Kijana mmoja wa mjini aliongoza, Datius alikuwa wa tatu, Gamaliel wa mwisho. Niliandika hivyo. Katika ile mistari sita niliandika kwa unadhifu: *Haikuonekana.*

Basi ikawa hivyohivyo mpaka Muleba. Walipoingia uwanjani, watu wamejipanga pande mbili, mmoja wa vijana wa mjini alikimbiza kwa nguvu zake zote akapasua njia, Karugendo nyuma yake, na nyuma ya Karugendo, Gamaliel. Yule wa kwanza akajitoa pembeni. Karugendo akasimama juu ya pedali. Zimebaki hatua hamsini, Gamaliel akatoka nyuma ya gurudumu lake kama mtu anayetoka mlangoni. Alimpita kwa urefu wa gurudumu moja.

Watu wa Muleba walipiga kelele ambazo sijazisikia tena. Kokubanza alikuwapo, amekuja kwa miguu toka Nshamba na mtoto mgongoni. Hakupiga vigelegele. Aliweka mkono mdomoni akabaki hivyo. Gamaliel alishuka, akaiegemeza baiskeli ya Mushumbusi kwenye mti, akaenda moja kwa moja palipokuwa na ile Phoenix. Aliigusa kengele kwa kidole. Haikulia, aliigusa tu.

Ndipo Karugendo alipokuja mbele ya meza ya kamati. "Mwalimu, mimi sikubali! Huyu hakuongoza hata maili moja. Tumemvuta toka Kemondo kama gunia. Muulizeni Karani, si ana daftari?"

Mwalimu Nathanieli alinyanyua mkono, watu wakanyamaza. Akaniita. Nilipanda juu ya meza, nikasoma. Nisiseme uongo: nilisoma vizuri. Sauti yangu ilifika mpaka pembeni ya uwanja. Nilisoma namba ya maili, saa, jina na maelezo, na kila nilipofika safu ya nne nikasema "Gamaliel nyuma." Baada ya mara kumi watu walianza kusema pamoja nami. "Gamaliel?" "Nyuma!" Wakacheka. Waliokuwa wakimshangilia dakika chache zilizopita ndio waliocheka zaidi.

"Na hii mistari sita?" akauliza Mwalimu.

"Gari liliharibika, Mwalimu. Haikuonekana."

"Mlipowakuta tena, huyu alikuwa wapi?"

"Palepale," nikasema. "Nyuma."

Gamaliel alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Hizo! Hizo ndizo nilizovuta mimi! Maili zote sita, hawa wanne wako nyuma yangu!"

"Ahaa, zile zisizoonekana!" mtu akasema katika umati, na uwanja mzima ukacheka.

"Karugendo," Gamaliel akasema. "Sema."

Karugendo aliinama akaanza kukagua spoku za gurudumu lake.

"Datius, wewe nilikufuata mimi. Sema basi."

Datius alikuwa anakunywa maji. Aliendelea kunywa.

Mwalimu Nathanieli alisimama. Sitaki msomaji amwone kama mtu mbaya. Aliamini kila neno alilosema. "Ndugu zangu," alisema, "sisi leo tunasherehekea nini? Tunajenga nchi ambayo kila mtu atakula jasho lake. Huyu ndugu mtazameni." Akamwonyesha kwa mkono. Gamaliel alikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi vidole, na vijana wa mjini nyuso zao zilikuwa safi. "Vumbi lile ni la wenzake. Amepumzika nyuma ya migongo ya wenzake siku nzima, wao wakifanya kazi, naye mwishoni akatoka akavuna peke yake. Mtu wa namna hiyo tumefundishwa kumwita nani?"

"Kupe!" wakajibu.

"Sikusikia."

"KUPE!"

Kamati ilizungumza kwa dakika tano. Mushumbusi alikuwa mjumbe wa kamati. Nilikaa karibu naye nikiandika kumbukumbu, na natoa ushahidi kwamba yeye, ambaye ndizi zake zote zilikwenda sokoni kwa miguu ya Gamaliel, alipoulizwa kama anakubaliana na hoja ya unyonyaji, alisema, "Nakubaliana nayo." Basi. Phoenix ikaenda kwa Karugendo. Mwalimu akaniagiza nifute jina la Gamaliel katika orodha ya waliomaliza. Nililipiga mstari. Nilitumia rula.

Gamaliel aliirudishia baiskeli ya Mushumbusi keria yake jioni ileile, nati moja moja, Kokubanza akimshikia spana. Lakini wiki iliyofuata Mushumbusi aliitaka. "Watu wanasema," alimwambia. "Mimi ni mjumbe. Nitaonekanaje nikimweka kupe kwenye mali yangu?" Akampa kijana mwingine. Gamaliel akaanza kupeleka ndizi zake Muleba begani, mkungu mmoja kwa siku, kwa miguu.

Mwezi wa kumi nilipanda basi kwenda Bukoba kwa shughuli za ushirika, na baiskeli ya ofisi nikaipakia juu ili itengenezwe. Nilimpelekea Hamidi pale Bilele. Aliipokea, kisha akanitambua.

"Si ndiye wewe uliyesoma daftari? Ulisoma vizuri sana, Karani. Vijana walinieleza. Tulicheka mpaka machozi."

"Mlicheka nini, Fundi?"

"Wewe uliandika kwamba vijana wangu wamechoka. Kila maili, amechoka, amechoka!" Akafuta mikono kwa tambara. "Hebu njoo nikuonyeshe kitu."

Alinipeleka mpaka barabara ya kando ya ziwa. Ilikuwa alasiri, upepo unavuma. Akaniambia nipande, nitangulie, nikazane. Nilikazana. Baada ya hatua mia tatu mapaja yaliwaka na kifua kikabana. Kisha akanipita.

"Sasa kaa nyuma yangu. Karibu! Bado. Karibu kabisa, uone kama utanigonga."

Nilikaribia. Ghafla upepo ukakoma. Masikioni pakawa kimya. Niliacha kukanyaga kwa nguvu na baiskeli ikaendelea kwenda, kwa mwendo uleule ulionishinda dakika moja iliyopita. Niliuliza kwa mshangao kama tumeanza kushuka. Hatukuwa tumeshuka. Barabara ilikuwa sawa.

Tulipumzika juu ya mawe. Hamidi alinieleza kama unavyomweleza mtoto. Adui katika mbio za barabarani ni upepo, mpandaji mwenzako huja baadaye. Wa mbele anaupasua, wa nyuma anapumzika. Kwa hiyo walio kundi moja hupokezana: mmoja anapasua, akijitoa si kwamba amechoka, bali zamu yake imekwisha. Mwenye miguu ya haraka kuliko wote huwekewa akiba, haongozi sana, ili mwishoni atoke na nguvu. Huyo alikuwa Karugendo. Na mtu aliye peke yake kati ya kundi la watano, akienda mbele amekwisha, maana atawavuta wote bila mtu wa kumpokea. Njia yake ni moja tu, kujificha na kusubiri.

"Kwa hiyo Gamaliel alifanya sawa?"

"Alifanya ambavyo ningefanya mimi. Mbeba ndizi ambaye hajafundishwa na mtu! Nilipoambiwa nilisema huyu ningempata miezi miwili tu." Akatema mate. "Sasa wewe mtu wa maandishi. Kwenye maili ya ishirini na nne uliandika nini?"

Daftari nilikuwa nalo, siku zote natembea nalo. Nikasoma: Datius mbele, hatua mia mbili.

"Na thelathini na moja?"

"Wote pamoja."

"Datius ni wetu. Tulimtuma mbele makusudi. Wale wanne wakimfukuza watakuwa wanaharibu kazi ya mwenzao, si ndiyo? Hawakumfukuza. Na Datius hakusimama kuwasubiri. Sasa zile hatua mia mbili, nani alizila? Malaika?"

Nilibaki nimeshika ukurasa. Ilikuwa imeandikwa pale kwa mwandiko wangu miezi mitatu. Juu hatua mia mbili, chini hakuna hata moja, na katikati neno *Haikuonekana* mara sita. Mtu mmoja alikuwa amebeba watu wanne kwenye upepo maili sita, akamfikia wa tano, kisha akarudi nyuma kupumzika kama wengine walivyokuwa wakirudi. Na hapo ndipo nilipomkuta mimi.

"Fundi, ulijua haya siku ileile?"

"Vijana waliniambia jioni."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Niseme kwa nani? Baiskeli ilikuwa imeshakuja Hamugembe."

Usiku haukunisaidia, na asubuhi yake nilihesabu. Toka Kemondo, walipobaki sita, hadi Muleba ni maili thelathini. Sita za Gamaliel. Datius sita, mwingine sita, wawili tano tano. Karugendo mbili. Hakuna hata mmoja katika kundi lile aliyewavuta wenzake maili nyingi kuliko Gamaliel, na aliyefanya kidogo kuliko wote ndiye aliyepewa zawadi. Yote hayo yalitoka katika daftari langu mwenyewe, bila kuongeza neno. Niliyaandika katika barua kwa Mwalimu Nathanieli, nikaambatanisha nakala ya kurasa.

Alijibu baada ya wiki mbili kwa mwandiko mzuri. Alinishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema maili zinaweza kuhesabiwa lakini nia haihesabiki, na kwamba nia ya kujificha nyuma ya wenzake Gamaliel mwenyewe hakuikana. Alisema tena kwamba kamati ilikwisha kuvunjwa. Niliandika barua ya pili nikiuliza kuhusu nia ya Karugendo. Hiyo haikujibiwa, na mwaka uliofuata Mwalimu alihamishiwa wilaya nyingine.

Nilikwenda Nshamba kumwambia Gamaliel. Nilimkuta kibanjani kwake anakata majani makavu ya migomba. Kokubanza alinipa kiti na kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa mgeni. Nilifungua daftari nikawasomea hesabu yote, polepole. Gamaliel alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa umejua," alisema.

"Nimejua."

"Mimi nilijua siku ileile."

Kokubanza alikuwa amesimama mlangoni. "Karani, ulipokuwa unasema 'Palepale, nyuma,' ulisimama juu ya meza," alisema. "Leo umekaa kwenye kiti cha jikoni kwangu. Nani anakusikia hapa? Mbuzi?"

Nilisema nitasimama mbele ya watu nilisome tena, siku yoyote ya mkutano. Gamaliel akatikisa kichwa. Alisema binti yake ameanza shule, na wenzake wameanza kusahau kumwita mtoto wa kupe. Nikisimama na daftari tena watakumbuka jina, hesabu hawataisikia. Nadhani alisema kweli. Nilikubali haraka mno, hata hivyo, na hilo nalo naliandika.

Mwaka 1975 Karugendo alipata kazi Mwanza, akauza vitu vyake. Phoenix ilinunuliwa na Mushumbusi. Ilikuwa bado nzima, dinamo inawaka. Kijana wa kwanza aliyepewa alivunja mikungu kwa kuanguka mlimani. Wa pili hakumaliza hata miezi miwili, akaacha kazi akasema mlima ule ni wa punda. Basi Mushumbusi, ambaye sasa hakuwa mjumbe wa kitu chochote, alikwenda mwenyewe kwa Gamaliel kwenye ukingo wa rweya. Masharti yalikuwa yaleyale ya zamani: safari mbili za mwenye baiskeli, ya tatu ya Gamaliel. Naambiwa Gamaliel hakujibu siku ile. Siku ya pili alikwenda kuichukua.

Hivyo ndivyo alivyoipata ile Phoenix.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilikuwa naelekea Nshamba kwa miguu kwa shughuli ya mazishi. Kwenye mlima nilimkuta anaisukuma, gunia la chumvi limefungwa kwenye keria na dumu la mafuta ya taa pembeni. Mvi zimemwingia. Tulisalimiana, nikaenda naye. Mlima ulipokaza baiskeli ikaanza kurudi nyuma, miguu yake ikateleza kwenye changarawe. Nikaweka mikono miwili kwenye gunia nikasukuma.

"Ondoa mkono, Karani."

"Mlima ni mkali, ndugu yangu."

"Najua ni mkali. Ondoa." Hakugeuka. "Kule juu kuna wanawake wanachuma kahawa. Watasema nabebwa."

Niliondoa mikono. Alisukuma peke yake, akipumzika kila baada ya hatua kumi, mgongo umeinama mbele yangu. Upepo ulikuwa unashuka kutoka juu, ule wa kiangazi. Nilitembea nyuma yake na ya gunia lile mpaka kileleni, na mimi upepo haukunipata.